Nives Malagoli, Aliyekataa Kuitwa Mjane

(Wasifu wa marehemu, uliosomwa kwa niaba ya familia na Tiziana, binti wa mdogo wake, katika mazishi ya Bomporto, Ijumaa tarehe 15 Desemba 2023)

Marehemu Nives Malagoli alizaliwa tarehe 5 Agosti 1938 hapa hapa Bomporto, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka, chini ya tuta la mto Panaro. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Primo Malagoli, mshona matandiko ya farasi, na mkewe Argia, ambaye kila mwaka ilipofika Juni alikwenda kupalilia mpunga mashamba ya Vercelli, maji yakimfika magotini. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji, na ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kwenye joto la kuyeyusha mishumaa akapewa jina la Nives, yaani Theluji. Mkunga alisema jina hilo litampoza. Halikumpoza hata kidogo, kama nusu ya mlioketi humu kanisani mnavyojua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1944, wakati wa vita, na masomo yake ya mwanzo yalikatizwa kila mara na ving'ora. Alimaliza darasa la tano mwaka 1949, akapelekwa kwa masista kujifunza kushona. Huko ndiko lilikotokea lile la mto wa kiti. Masista waliwataka wasichana kila mmoja ashone mto wa kukalia wa Mama Mkuu, na ule utakaopendeza kuliko yote ungewekwa kwenye kiti chake siku ya Pasaka. Wenzake walidarizi malaika na maua. Nives alishona mto mtupu wa rangi ya kahawia, ila upande wa kushoto aliujaza zaidi.

"Huu umekwenda upande," Sista Pelagia akamwambia.

"Mto haujaenda upande, Sista. Aliyekwenda upande ni Mama Mkuu."

Alifukuzwa juma zima. Mama Mkuu aliukalia mto ule mpaka alipoaga dunia.

Tarehe 4 Machi 1957 aliajiriwa katika karakana ya Aldino Pradelli, iliyokuwa ikitengeneza viti vya matrekta na mabasi. Alishona viti hivyo kwa miaka minane bila kulalamika, jambo ambalo Wilma, mdogo wake na mama wa msomaji wa wasifu huu, bado analitilia shaka. Kisha mwaka 1965 Pradelli aliwakusanya mafundi wake baada ya chakula cha mchana, akawatangazia kwamba wataunda gari la spoti, na injini itakaa nyuma ya dereva.

"Nyuma wapi?" akauliza fundi Adelmo Righi, aliyekuwa akigonga namba kwenye vyuma. "Kwenye buti?"

"Mgongoni kabisa. Kati ya kiti na magurudumu ya nyuma."

"Yaani mtu aendeshe huku jahanamu inampumulia kisogoni!"

"Kwani utaendesha wewe, Adelmo? Wewe hata baiskeli ikikuona inakimbia."

Gari hilo waliliita Faina, jina la mnyama mdogo wa huku anayeingia kwenye banda la kuku kwa tundu lisilopitisha hata ngumi. Faina ya Kwanza ilionyeshwa Torino mwezi Novemba 1966. Ilikuwa na silinda nane na kabureta nne, na paa lake lilimfika mtu mzima kiunoni. Kwa kuwa uzito ulikaa katikati, iliingia kona bila kuyumba. Na kwa kuwa uzito ulikaa katikati, siku ilipokosea kona haikutoa onyo. Waliokuwa wakiiendesha walisema usumbufu wake si mwendo bali ule mlio wa nyuma ya sikio, kwamba baada ya saa nzima mtu huanza kusikia maneno. Hatukuwahi kuambiwa ni maneno gani.

Kazi ya marehemu ilikuwa viti. Mnunuzi alikuja Bomporto kupimwa, kama anayepimwa suti. Nives alimkalisha kwenye gunia la pumba zilizoloweshwa, akamwacha hapo anywe kahawa, kisha akamwinua na kulisoma shimo aliloliacha. Alikuwa na msemo wake kwamba uso wa mtu hudanganya ila makalio hayajajifunza. Kiti kimoja tu hakikuwahi kuuzwa, nacho ni cha dereva wa majaribio. Kila Faina iliyokamilika ilifungwa kwanza kiti hicho, ikaendeshwa barabara ya juu ya tuta, halafu kiti kikatolewa na cha mwenye gari kikaingia mahali pake.

Dereva huyo alikuwa Learco Tosatti, mzaliwa wa Ravarino, mwaka 1935. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 23 Septemba 1961 katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Ombretta, mwaka 1964. Kiti cha Learco, Nives alikishona bila gunia la pumba.

"Huyo simpimi," aliwaambia wenzake. "Huyo namjua." Wasichana wa chumba cha kushonea walicheka mpaka sindano zikawaponyoka.

Hapa inabidi kulisema jambo la namba, maana bila hilo maisha ya marehemu hayaelezeki. Watu wa huku na kumi na saba hawapikiki chungu kimoja. Wazee husema ukiiandika kwa herufi za Kirumi kisha ukazipanga upya, unapata neno la Kilatini lililokuwa likichongwa makaburini: nimeishi, yaani basi, nimekwisha. Kwa hiyo Faina ya Kwanza haikuwa na gari namba kumi na saba. Adelmo aligonga kumi na sita, akavuka akagonga kumi na nane, na hakuna aliyeuliza. Faina ya Pili ilipoanza mwaka 1971, ikiwa na injini kubwa zaidi na fedha za mshirika wa Uswisi, mshirika huyo akasema namba zifuatane bila pengo. Yeye si mtu wa huku. Msimu wa vuli wa mwaka 1972 chasisi ya kumi na saba, yaani fremu ya gari, ikafika mezani kwa Adelmo.

"Mimi siigongi," akasema, nyundo mkononi. "Aje aigonge mwenyewe, halafu na wajane wangu awalishe yeye."

"Wajane wako wangapi, Adelmo?" mtu akamuuliza.

"Wee, niache!"

Nives alikuwa anapita na ngozi begani. "Gonga 16 bis," akasema. "Kumi na sita ya pili. Si ndivyo wanavyofanya kwenye milango ya nyumba? Daktari wa meno anakaa kumi na sita ya pili, na watu anawang'oa vilevile."

Wote wakacheka, na Learco akacheka kuliko wote. "Mke wangu ana akili za kuuza. Basi safari hii nitaendesha pacha!" Ikagongwa hivyo. Lakini kwenye hati za serikali hapakuwa na nafasi ya kuandika 'ya pili'. Kwa serikali, Faina ya Pili yenye namba 16 ilikuwa moja tu, nayo ilikwisha kuuzwa Zürich.

Ukungu ulishuka katikati ya Novemba, ule wa huku unaomfanya mtu aipapase nyumba yake mwenyewe kutafuta mlango. Busara ilikuwa kusubiri, maana redio ilisema Ijumaa utapungua. Lakini Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe kumi na saba, na hapakuwa na mwanamke Bomporto ambaye angemwacha mumewe atoke na gari jipya Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Alhamisi tarehe 16, baada ya chakula, Nives alimfunga Learco kola ya koti.

"Nenda leo," akamwambia. "Ukungu angalau unauona."

Alitoka langoni mwa karakana akashika barabara ya juu ya tuta, Ravarino ikiwa nyuma yake. Waliokuwa karakana waliusikia mlio ukienda, wakamsikia akishusha gia kwenye kona ya nyumba ya zamani ya pampu. Kisha hawakusikia kitu. Hapakuwa na kishindo, hapakuwa na maji kuruka, hapakuwa na breki. Adelmo alisimama na nyundo yake kwa muda mrefu akisubiri gia ya pili ya kona ile, ile ya kupandisha, mpaka kukawa giza. Walimkimbia kumi na saba mara mbili, na wakamkimbilia.

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa mtu wa kusini, mpole, aliyevaa miwani ya kamba. Alimkalisha Nives, akampa maji.

"Namba ya chasisi, mama?"

"Kumi na sita."

Kesho yake alimwita tena. "Tumepiga simu Zürich. Namba kumi na sita ipo, mwenyewe kaiosha jana."

"Hiyo ni kumi na sita nyingine, afande."

"Mama, kumi na sita ni moja."

"Yetu ni ya pili."

"Ya pili yake inaitwa kumi na saba."

"Kumi na saba hatukuitengeneza."

"Ndilo hilo ninalokwambia. Hamkuitengeneza. Sasa niwaambie vijana wangu watafute nini?"

Mto ulipekuliwa siku moja, kwenye ile kona tu, kwa nguzo na ndoano, na tope la Panaro halikutoa kitu. Kwa kuwa gari halikuwepo, halikupotea. Na kwa kuwa halikupotea, mtu aliyekuwa ndani yake hakuwa na ajali ya kufia. Wenye midomo wakasema Learco ana mwanamke Stuttgart. Lisemwalo lipo, walisema, na walilisema foleni ya mkate, Nives akiwa nyuma yao na kikapu. Aliwaacha wamalize, kisha akaomba mkate wake. Lakini nyumbani alimwambia Wilma jambo ambalo Wilma alilificha mpaka juzi. "Mimi ndiye niliyemfuta," alimwambia. "Kwa mdomo wangu, nikicheka."

Mwaka uliofuata, ukungu wa kwanza wa Novemba, mlio ulirudi. Ulikuja wakati wa chakula cha mchana kutoka upande wa Ravarino, ukapita juu ya tuta mbele ya lango la nyumba, ukashusha gia kwenye kona ya pampu, ukakatika hapo hapo. Mbwa aliingia chini ya meza. Nives aliweka kijiko chini. Aliijua ile kabureta ya tatu iliyokuwa ikikohoa, alikuwa ameisikia asubuhi yote siku ile.

"Ni trekta la Benatti hilo," Wilma akasema.

"Trekta la Benatti lina silinda nane?"

"Kula, dada. Supu inapoa."

Tangu hapo ulikuja kila msimu wa ukungu, mara moja au mara mbili, na sisi watoto tulizoea kunyamaza mpaka upite. Haukuwahi kusimama. Haukuwahi kutokea upande wa pili wa ile kona. Kila mara Wilma alilitaja trekta la Benatti, na aliendelea kulitaja miaka mingi baada ya Benatti kuliuza.

Faina ya Tatu ilitoka mwaka 1975, ikiwa na pembe kali na taa za kujificha, bapa kama sanduku lililokanyagwa. Petroli ilikuwa imepanda, wanunuzi walikuwa wameingia mitini, na Mswisi alitaka chake. Tarehe 31 Machi 1979 Pradelli alifunga lango, akawashika mikono wafanyakazi wake mmoja mmoja na kulia bila kujificha. Marehemu alihamishia cherehani nyumbani, akaendelea kuwashonea viti watu walioyapenda yale magari walipokuwa hawana uwezo nayo na sasa wamezeeka wana uwezo.

Mwaka 1982 mahakama ingeweza kumtangaza Learco kuwa amekufa, kwa kuwa sheria inaruhusu baada ya miaka kumi. Ilitakiwa sahihi ya mke tu. Padri Anselmo alikuja nyumbani, na Wilma alikuja naye kama askari wa akiba.

"Saini moja, dada. Tumsomee misa mwenzetu. Shemeji yangu nimemlilia kimya kimya miaka kumi, nimechoka."

"Mlilie kwa sauti, nani kakukataza?"

"Nives," padri akasema, "si dhambi kukubali."

"Padri, nilishamfuta mara moja kwa mzaha. Hamtaniona nikimfuta mara ya pili kwa kalamu."

Wote mnajua desturi yetu. Mwanamke akifa, tangazo lake hubandikwa ukutani, na chini ya jina lake huandikwa kama alikuwa mke wa fulani au mjane wa fulani. Marehemu alimwambia Ombretta mbele yetu sote: "Siku yangu ikifika, mkiniandika mjane nitashuka ukutani niwafuate." Tangu hapo neno marehemu halikutamkwa nyumbani humo kwa ajili ya Learco. Viatu vyake vilipakwa rangi kila majira ya kuchipua. Tulimwonea huruma, na wakati mwingine, tuseme ukweli, tulimwogopa.

Mwezi wa Mei mwaka 1991 alikuja Bwana Ammann wa Zürich, mwenye ile namba 16 ya kwanza. Alikuwa mzee mwenye adabu, na aliona haya kueleza shida yake. Kiti cha dereva, alisema, kila Novemba kinalowa. Paa halivuji. Alibadilisha gereji mara tatu. Nives alikitoa kiti, akakipasua mshono mbele ya Ombretta. Ndani kulikuwa na maji, na tope la kijivu, na konokono wadogo wa mtoni, wazima. Ombretta anasema chumba kizima kilinuka Panaro.

"Tangu lini?" Nives akauliza.

"Tangu mwaka sabini na mbili."

"Si kosa la gari lako, Bwana. Mapacha tuliwapa jina moja. Linalompata mmoja, mwenzake analionja."

Alimshonea kingine. Kile cha zamani alikitundika nje upande wa jua kiangazi chote, na mwezi wa Septemba kilikuwa bado kinadondosha matone. Wilma alimsihi: sasa umeona, dada, yuko majini, kubali. Nives alisema maji ni maji, mtu ni mtu, na hakuna aliyemletea mtu. Alikifunika kiti akakiweka ghalani, akarudi kwenye cherehani yake.

Alishona hadi mwaka 2011, macho yalipokataa. Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2019. Alilazwa Modena mara mbili, mara ya pili Oktoba mwaka huu, ambapo madaktari walimweleza Ombretta kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho wake. Alirudi nyumbani kwa hiari yake, akachagua kitanda cha dirisha la barabarani. Aliwashukuru wauguzi wote waliomwosha na kumgeuza, na mmoja wao akaambiwa na Nives kwamba godoro la hospitali limejazwa vibaya.

Jumanne tarehe 12 Desemba ukungu ulikuwa umefunga tangu alfajiri. Adhuhuri tulikuwepo Ombretta, Wilma na msomaji wa wasifu huu. Wilma alikuwa anatia tortelini, tambi zilizojazwa nyama, kwenye mchuzi wa kuku. Mlio ulikuja kutoka upande wa Ravarino kama miaka yote, na sisi tukanyamaza kama miaka yote, tukisubiri upite. Ulifika mbele ya lango. Haukupita.

Tulisikiliza. Injini ilikuwa inanguruma polepole palepale, na ile kabureta ya tatu ikikohoa. Vioo vya kabati vilikuwa vinatetema. Wilma alishika mwiko hewani, na kwa mara ya kwanza hakulitaja trekta la mtu yeyote.

"Wilma," Nives akaita, bila kufumbua macho. "Linafanya nini?"

"Limesimama, dada."

"Langoni?"

"Langoni. Linanguruma tu."

"Kapiga honi?"

Wilma alitutazama. "Hapana. Hajapiga."

"Kagonga geti? Katukana?"

"Hajasema kitu. Anasubiri."

Nives machozi yakamtoka, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona. "Basi kafa," akasema. "Kafa kweli Learco wangu."

"Dada..."

"Angekuwa hai angekuwa ameshapiga honi mpaka maiti wa makaburini waamke. Mimi mtu huyu hajawahi kunisubiri hata siku moja, Wilma. Hata siku ya harusi alitangulia kanisani akanilaumu nimechelewa. Hai hasubiri. Hai hajui kusubiri." Alimshika Ombretta mkono. "Andika, mwanangu. Mwambie mpiga chapa aandike mjane. Na ukifika kwa baba yako, andika marehemu. Usiogope, mimi ndiye nimesema."

Aliomba koti lake la kutokea, tukamfunika nalo. Alifariki saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa binti yake. Kwa huzuni na mshtuko hakuna aliyeangalia ni wakati gani hasa nje kulinyamaza. Wilma alikwenda kufunga lango. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na tope la kijivu, na alichokiona hajatueleza, na ninyi mnaomjua Wilma mnajua kwamba kunyamaza si kawaida yake.

Matangazo mliyoyasoma ukutani mlipokuja yameandikwa Nives Malagoli, mjane wa Tosatti. Watu kadhaa wametupigia simu kutusahihisha. Tunawashukuru, lakini mpiga chapa hakukosea.

Marehemu ameacha binti, Ombretta. Mjukuu, Manuele, na mkewe. Mdogo wake, Wilma. Watoto wa mdogo wake. Na majirani wa barabara ya tuta, ambao familia inawashukuru kwa kuni, kwa supu na kwa kukesha nasi. Alitanguliwa na wazazi wake, Primo na Argia, na mume wake mpenzi, marehemu Learco Tosatti, aliyefariki Alhamisi tarehe 16 Novemba 1972, hapa Bomporto, akiwa kazini.

Wapumzike kwa amani.